Miezi kumi na sita na daftari la mabuti

Kazi yangu ni kufunga nondo. Kabla zege halijamwagwa, sisi ndio tunaopanga chuma juu ya mbao na kukifunga kwa waya kila panapokutana nondo mbili, tumechutama, koleo la kukazia waya mkononi, tangu asubuhi hadi jioni. Wasioijua kazi hii hudhani mgongo ndio unaomshinda mtu. Mgongo unauma, sikatai. Lakini niliowaona wakiacha kazi hii, wengi waliacha kwa sababu ya miguu. Hatukanyagi sakafu, tunakanyaga nondo. Chuma cha milimita 12 au 16 kinakaa katikati ya wayo, uzito wote wa mwili uko juu yake, ukiinua mguu unaushusha juu ya nondo nyingine, na hivyo ndivyo siku inavyokwisha.

Kwa hiyo kiatu kwangu ni chombo cha kazi kama lilivyo koleo. Hata hivyo kwa miaka mingi nilikuwa nanunua kwa mazoea: mabuti ya mtindo wa kijeshi, marefu, ya kamba, yanayoshika kifundo cha mguu. Hoja yangu ilikuwa moja tu. Askari anatembea nayo porini na mzigo mgongoni, mimi yatanishindaje? Jozi moja ikifa nilinunua nyingine ya aina ileile, nikijiambia kwamba ile ya kwanza ilikuwa na kasoro. Kisha jioni moja mke wangu akaniuliza jozi niliyokuwa naitupa niliinunua lini. Nikamwambia ina miezi minane. Yeye akakumbuka ni minne, akanitajia na siku yenyewe, na alikuwa sahihi.

Hapo ndipo nilipoanza daftari. Kila Jumamosi jioni nilikuwa nayaosha mabuti, nayaacha yakauke, kisha napima vitu vitatu: uzito wa kila buti kwenye mzani mdogo, unene wa kisigino upande wa nje kwa rula, na upana wa ufa wowote uliojitokeza. Chini yake naandika sentensi moja kuhusu miguu yenyewe: wapi pameuma, na saa ngapi pameanza kuuma. Saa ndiyo iliyonifundisha mengi zaidi, maana kiatu kinachouma saa mbili asubuhi na kinachouma saa tisa alasiri vina makosa tofauti kabisa.

Jozi ya kwanza niliyoiingiza humo ilikuwa ya rangi ya mchanga, ngozi iliyogeuzwa, ile yenye vinyweleo laini kama mahameli, na kitambaa cha nailoni ubavuni. Aina hii ilienea sana baada ya jeshi la nchi kavu la Marekani kubadilisha sare kuanzia 2005 na kuyaacha mabuti meusi ya kupigwa rangi. Ilikuwa na zipu pembeni. Buti moja lilikuwa na gramu 610. Nilipoivaa siku ya kwanza niliona nimepata nilichokuwa nakitafuta miaka yote: hakuna pa kubana, hakuna pa kusugua, miguu inapumua. Daftari la wiki ya kwanza linasema neno moja, "raha".

Wiki ya sita zipu ilikwama. Vumbi la saruji liliingia kwenye meno yake, jasho likalilowesha, likaganda humo kama jiwe. Niliisugua zipu kwa msumari na mafuta, ikafunguka, baada ya siku mbili ikakwama tena, na mwishowe nikaishona isifunguke kabisa.

Wiki ya tisa ilikuja habari nzito zaidi. Nilikuwa nimeketi nimelishika buti la kulia mapajani, nikalikunja kwa mikono kama linavyokunjwa mtu anapochutama. Pale nyuma ya kidole kidogo, kwenye mkunjo, ngozi ilikuwa imepasuka ufa wa milimita nne. Nilipolipindua, nikaona soli imeanza kuachana na ngozi mbele, chini ya vidole. Niliingiza ncha ya kalamu ya risasi katikati yake, ikazama sentimita moja nzima bila kugusa kitu. Ndani ya mwanya ule kulikuwa na unga wa kijivu wa saruji, mkavu, umejipanga tabaka kwa tabaka.

Nililitazama lile kwa muda mrefu, nikaanza kuelewa. Mtu anayetembea hukunja kiatu kidogo tu na kukiachia. Sisi tunachutama. Vidole vinakunjwa hadi mwisho na vinabaki hivyo dakika kumi, ishirini, uzito wote umeegemea mbele, kisha tunasogea hatua moja na kuchutama tena. Soli ya kubandikwa kwa gundi peke yake, pale mbele ndipo inapovutwa kutwa nzima. Halafu kuna saruji. Saruji mbichi ni alkali kali, kiasi cha pH 12 hadi 13 wakati maji safi ni 7, inaunguza ngozi ya mtu aliye hai, sembuse ya ng'ombe aliyekwisha kufa. Hukausha mafuta yaliyomo kwenye ngozi, na ngozi isiyo na mafuta ikikunjwa inakatika. Ile yenye vinyweleo ndiyo mbaya zaidi kwetu, kwa sababu uji wa saruji unaingia kwenye nyuzi zake na huwezi kuufuta ukaisha. Buti lile halikuwa bovu. Jangwani, kwenye mchanga mkavu, pengine lingenitumikia miaka. Nililipeleka mahali ambapo halikutengenezewa.

Na nilishalipa kwa ukucha pia. Nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita 12 ina karibu kilo 19. Tulikuwa tunaibeba wawili, mwenzangu wa mbele akajikwaa, ncha ikamtoka begani ikanishukia kwenye kidole gumba. Ngozi laini na kitambaa haviwezi kuzuia chuma. Ukucha uligeuka mweusi jioni ileile, ukatoka wiki tatu baadaye. Mpaka siku hiyo nilikuwa naamini kwamba buti zito lenye sura ya kijeshi ni buti la usalama. Sivyo. Mabuti mengi ya kijeshi hayana kofia ngumu ya vidole, kwa kuwa mtu wa kutembea kilomita nyingi haihitaji, ni uzito wa bure kwake. Viatu vya usalama vina kiwango chake cha kimataifa, ISO 20345, na kofia ya vidole kwa kiwango hicho lazima istahimili pigo la jouli 200, ambalo ni kama kilo 20 zikiangushwa kutoka urefu wa mita moja, na kubanwa kwa nguvu ya kilonewtoni 15, kama tani moja na nusu hivi. Ukiona ISO 20347 ujue hicho ni kiatu cha kazi kisicho na kofia hiyo. Namba hizi huandikwa kwenye lebo, mara nyingi ndani ya ulimi wa kiatu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kazi miaka yote ile na sijawahi kufunua ulimi nikasoma.

Jozi ya pili sikuinunua, nilipewa. Tuna mzee mmoja kazini aliyewahi kuwa askari, mtu mpole, ndiye aliyenifundisha kukata waya bila kupoteza. Aliposikia habari ya ukucha wangu aliniletea mabuti yake ndani ya boksi, meusi, ngozi safi, hayajawahi kuvaliwa. Aliyahifadhi kabatini miaka tisa.

"Nilikuwa nayaweka kwa siku ya maana," akaniambia. "Basi yavae wewe, kijana."

"Asante sana, mzee. Nitayatunza."

Niliyavaa Jumatatu. Jumanne, kabla ya saa sita mchana, nilihisi nimekanyaga kitu laini kisha nikahisi nondo moja kwa moja kwenye wayo. Nikainua mguu. Kisigino kilikuwa kimebaki chini, kimevunjika vipande, na kilichobaki kwenye buti kilikuwa kinamomonyoka kama udongo mkavu wa kichuguu ukiukwangua kwa kidole. Mzee aliviokota vile vipande akavifunga kwenye leso bila kusema neno. Sikuwa na la kumwambia.

Baadaye nilijifunza sababu. Soli nyingi nyepesi zina tabaka la poliurethani, povu gumu linalopunguza mshtuko wa hatua. Povu hilo lina adui mmoja asiyeonekana, nao ni unyevu. Maji yaliyomo hewani huingia taratibu na kuikata minyororo ya kikemikali inayolishika, na joto huharakisha kazi hiyo. Haijalishi kiatu kinavaliwa au kimelala kwenye boksi, saa yake inahesabu. Mpira wa kawaida hauozi kwa namna hiyo. Ndiyo maana sasa nikinunua kitu chenye soli ya povu nauliza kilitengenezwa lini, na wengi huchapa mwezi na mwaka kwenye lebo ileile ya ulimi. Nilimweleza mzee hayo yote, ili ajue kwamba hakukosea kuyatunza. Akaniuliza maswali mengi mazuri kisha akasema angeyavaa siku ileile aliyopewa kama angejua.

Ndiye pia aliyekwenda nami kununua jozi ya tatu. Alisisitiza twende jioni, baada ya kazi, na soksi za kazi miguuni. "Mguu wako wa jioni si mguu wako wa asubuhi," akasema, na ni kweli, mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kinachokutosha barabara asubuhi kitakubana saa tisa. Nikavaa, nikasimama, vizuri. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya dukani maishani mwangu: nikachutama. Nikakaa hivyo dakika tano nzima, watu wananitazama. Jozi mbili za kwanza nilizojaribu pale dukani zilifeli hapo hapo, kwa sababu ukingo wa nyuma wa kofia ya chuma ulinikata juu ya vidole mguu ulipokunjwa. Ya tatu ilikuwa pana zaidi mbele, ukingo ukaangukia mahali pasipokunjika. Ningeyajaribu kwa kutembea tu nisingejua hilo mpaka siku ya kwanza ya kazi.

Ni buti jeusi la sentimita 20 kwenda juu, ngozi nene ya juu isiyokwanguliwa, kofia ya vidole, alama ya S3. Alama hiyo maana yake, pamoja na kofia, ni kwamba kuna kizuizi cha misumari chini ya wayo, sehemu ya juu hainyonyi maji upesi, na soli ina meno. Kizuizi hicho hupimwa kwa nguvu ya newtoni 1,100, kama uzito wa kilo 110 umekaa juu ya msumari. Sisi tunaoishi juu ya mbao zenye misumari tunajua thamani yake. Kilichonivuta zaidi kilikuwa ukingo wake: ngozi imeshonwa kwenye mkanda unaozunguka kiatu, na soli imeshonwa kwenye mkanda huo. Ndiyo njia ya Goodyear, yenye mashine za tangu karne ya 19, na faida yake ni kwamba soli ikiisha inang'olewa na kushonwa nyingine bila kuigusa ngozi.

Gramu 905 kila buti. Hapo nilisita, na sitaki kupita haraka, kwa sababu uzito wa mguuni si kama uzito mwingine. Utafiti uliochapishwa 1969 ulionyesha kwamba mzigo unaobebwa miguuni hula nguvu mara nne hadi sita ya ule unaobebwa karibu na kiwiliwili. Tofauti ya jozi hii na ile ya kwanza ni gramu 590 kwa miguu miwili. Ni kama nimeongezewa kilo 2.4 hadi 3.5 mgongoni kutwa nzima. Mtu anayezunguka siku nzima akikagua au kupeleka ujumbe, mimi ningemshauri achukue jepesi. Kazi yangu haina mwendo mrefu, ina uzito unaoanguka na chuma cha kukanyaga. Nikalichukua zito.

Wiki tatu za kwanza ziliniumiza. Daftari lina maneno "kisigino cha kushoto, saa 3:30" kwa siku nane mfululizo. Nilipata lengelenge kubwa kama sarafu, na hapo nikafahamu kwamba kusuguana peke yake si chanzo chote. Mfupa unasonga mbele, ngozi imenaswa na soksi, na tabaka za ngozi zinavutana huku na huku mpaka zinaachana ndani, maji yakajaa. Ngozi iliyolowa jasho hunasa zaidi. Soksi zangu za pamba zilikuwa zinanyonya jasho na kulishika hapohapo. Nikabadilisha kwa soksi za sufu iliyochanganywa na nyuzi za kiwandani, na nikaanza kubeba jozi ya pili ya kubadilisha mchana. Badiliko hili moja lilifanya kazi kuliko dawa yoyote niliyowahi kupaka.

Kamba nazo. Nilikuwa nakaza juu hadi chini kwa nguvu moja. Mzee alipiga goti mbele yangu akanionyesha: legeza sehemu ya vidole, ukifika pale mguu unapopinda kuelekea juu zungusha kamba mara mbili kabla ya kuvuta, fundo lijishike lenyewe, kisha endelea juu kwa ulegevu kidogo ili kifundo cha mguu kikunjike unapochutama. Kisigino kikatulia. Lengelenge halikurudi.

Mwezi wa pili nililijaribu kwa maji. Niliingiza karatasi laini ndani, nikaliweka buti kwenye ndoo yenye maji mpaka chini kidogo ya tundu la kwanza la kamba, saa moja kamili. Karatasi ilitoka kavu. Mwezi wa nane nilirudia, ikatoka na doa la unyevu mbele kushoto, mahali uzi wa mshono ulipokwanguliwa na ncha za waya. Nikapaka nta ya nyuki kwenye mshono wote, na tangu hapo napaka kila mwezi. Kuhusu kukausha, nasema kwa moyo wangu wote: usiweke buti karibu na moto. Ngozi hujikaza na kupasuka. Jaza magazeti, badilisha yakilowa, subiri.

Jambo lililonishangaza katika kusoma habari za mabuti haya ni jinsi kitu kilekile kinavyoweza kumwokoa mmoja na kumdhuru mwingine. Mabuti ya msituni waliyovaa askari wa Marekani Vietnam yalikuwa na matundu madogo ubavuni, karibu na upinde wa wayo, ili maji yaliyoingia yatoke. Kwao, waliovuka mito na kukaa kwenye tope, matundu yale yaliiponya miguu. Mimi nikivaa buti lenye matundu hayo siku ya kumwaga zege, uji wa saruji utaingia na kuniunguza nikiwa nimesimama. Lakini baadhi ya mabuti hayohayo yaliwekewa bamba la chuma ndani ya soli kwa ajili ya mianzi iliyochongwa na kufichwa njiani, na hapo mahitaji yao na yangu ni mamoja. Meno ya soli vilevile. Vitale Bramani, mpanda milima wa Italia, aliitengeneza soli ya mpira yenye meno makubwa, akaisajilia hataza 1937, baada ya wenzake sita kufa mlimani kwenye Alps 1935. Meno yale yanashika mwamba. Kwetu yakiwa yamebanana mno, zege linajaza nafasi zake na kuganda, mwisho unapanda ngazi na soli laini kama sahani. Nafasi pana na zinazoshuka kuelekea pembeni ndizo zinazojisafisha.

Sasa ni mwezi wa kumi na sita. Nondo imeanguka mara mbili juu ya vidole vyangu, mara moja ikaacha mkwaruzo hadi chuma kikaonekana. Ngozi kwenye mkunjo ina mistari lakini haina ufa. Kisigino cha kushoto, upande wa nje, kilishuka milimita 7, na nikaanza kuona goti linauma jioni, basi nikajua soli imefika mwisho. Nilimuuliza kwanza msimamizi wa usalama kama kiatu kilichobadilishwa soli kinakubalika, akataka soli mpya iwe ya aina iliyoidhinishwa na mtengenezaji na kizuizi cha misumari kisiguswe.

Fundi viatu aliikata nyuzi mbele yangu, akaing'oa soli ya kushoto taratibu. Chini yake, juu ya kile kizuizi cha misumari, kuna tabaka la gome laini, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Akaligeuzia kwenye mwanga. Lilikuwa na wayo wangu: kisigino kimezama, upinde umeinuka, vidole vitano vimeacha mashimo yake, na katikati mifereji miwili hafifu ya kukatisha, pale nondo zilipokuwa zinakaa siku zote hizo.

"Niliondoe niweke jipya?" akauliza.

Nikamwomba aliache. Akapaka gundi juu yake, akalaza soli mpya, akaanza kushona.